Fataki za Remedios

Katikati ya kisiwa cha Cuba, upande wa kaskazini, upo mji wa kale uitwao Remedios. Waspania waliuanzisha mapema katika karne ya 16, na katika uwanja wake mkuu yapo makanisa mawili. Mji wenyewe si mkubwa. Lakini, wasikilizaji, umepata sifa kwa fataki zake za usiku wa tarehe 24 Desemba.

Chanzo cha fataki hizo ni usingizi! Yasemekana kwamba karibu na mwaka 1820 padre mmoja, Francisco Vigil de Quiñones, alihuzunika kuona watu hawaji kanisani katika ibada za alfajiri zinazofungua majira ya Krismasi, tangu tarehe 16 Desemba. Baridi iliwashinda kutoka vitandani. Basi akawakusanya watoto, akawaagiza wapite njiani wakipiga makopo na pembe, hata asiweze mtu kulala. Kazi hiyo, bila shaka, waliipokea kwa furaha.

Kelele zile zikageuka mashindano. Mtaa ulishindana na mtaa, hata mji ukagawanyika pande mbili: San Salvador, ambao alama yao ni jogoo, na El Carmen, ambao alama yao ni kipanga. Kwa miezi mingi mafundi wa kila upande hujenga kwa siri mnara mkubwa wa mbao na taa, pamoja na gari la mapambo, na usiku ule huvionyesha uwanjani.

Ndipo fataki hurushwa kwa zamu. Baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti upele. Ikiwashwa ndani ya bomba, hewa yake ya moto hutanuka ghafula, ikaitupa fataki juu. Utambi huendelea kuwaka, na ukiisha, fataki hupasuka angani. Lakini bomba likianguka, au utambi ukiwa mfupi, hupasuka kati ya watu. Mwaka 2017 watu zaidi ya 20 waliumia, na watoto walikuwamo. Hasara hiyo si ndogo, wala haifai kufichwa na uzuri wa rangi.

Hata hivyo watu hawakuiacha desturi yao. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika sherehe hizi za Cuba ya kati katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Mwamuzi hakuna. Kukipambazuka, San Salvador hutangaza kwamba wameshinda; El Carmen nao hutangaza vivyo hivyo.