Mto Ukikauka, Maji Huenda Wapi?



Kila kiangazi, katika vijiji vingi vya Dodoma, Singida na sehemu nyingine za ukame, akina mama na watoto hubeba ndoo na kata wakaenda kwenye mto usio na maji. Huchimba mchanga, husubiri kidogo, na maji hujikusanya ndani ya shimo. Je, maji hayo yametoka wapi? Na je, yanafaa kunywewa na mtoto mdogo? Anayejua jinsi maji yanavyotembea chini ya ardhi atajua pia jinsi vidudu vya magonjwa vinavyotembea nayo.

Mto wa juu na mto wa chini

Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga mkavu wa mtoni, kisha mimina maji polepole. Utashangaa kuona kwamba ndoo iliyokwisha kujaa mchanga bado inapokea lita 6 za maji, au zaidi kidogo. Maji yamekaa katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Mto wa mchanga nao ni hivyo hivyo. Mvua inaponyesha na mto kufurika, sehemu ya maji huenda zake, na sehemu nyingine huzama mchangani hadi yakutane na mwamba au udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Jua hukausha mchanga wa juu tu. Yaliyo chini zaidi hubaki yamehifadhiwa kwa muda mrefu.

Lakini si maji yote yanayokaa pale. Mengine hupenya kwenye kingo na kushuka chini kabisa, yakaongeza maji ya ardhini ambayo twayapata kwa visima. Mahali pengine mambo huwa kinyume: maji ya ardhini yakiwa juu kuliko mto, ndiyo yanayotoka kuingia mtoni. Ndiyo maana mito mingine ya milimani hutiririka hata miezi isiyo na mvua. Mto mmoja waweza kupokea maji ya ardhini huko mlimani na kuyapoteza ukifika tambarare. Pia waweza kutoa maji wakati wa mafuriko na kuyarudishiwa na kingo zake maji yakipungua. Kanuni ni moja: maji hufuata mahali palipo chini.

Mfano wa Makutupora

Mji wa Dodoma umetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya Makutupora. Huko kina cha maji ya ardhini kimepimwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walipochunguza kumbukumbu za miaka 55 waliona kuwa maji hayo hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka hasa katika miaka michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba vitanda vya mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo, ni njia kubwa ya kuingizia maji hayo ardhini. Basi korongo lililokauka si mahali pa kutupa taka. Ni mlango wa kisima.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Ni kweli mchanga huchuja. Huzuia takataka na kupunguza vidudu, hasa maji yanapopita polepole katika mchanga mwembamba. Lakini mchanga mnene hupitisha maji haraka, na vidudu vidogo hupita pamoja nayo. Shimo lililo wazi nalo huchafuliwa na mikono, kata, mifugo na mbwa. Kinyesi kilichoachwa kandokando ya korongo huoshwa na mvua za kwanza, kikaingia mtoni na kuzama mchangani. Hapo ndipo hupatikana kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Mtoto mchanga ndiye huumia haraka, kwa kuwa mwili wake hupoteza maji upesi.

Mambo ya kufanya nyumbani na kijijini

1. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo la choo pabaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini.

2. Wekeni mahali pamoja pa kuchotea na pengine pa kunyweshea mifugo na kufulia, upande wa chini wa mto. Zungushieni shimo la maji miiba. Tumieni kata moja safi ya kuchotea tu.

3. Chujeni maji kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni hadi yatokote vizuri, au tumieni dawa ya klorini kwa kufuata maelezo yake. Yawekeni katika chombo chenye mfuniko.

4. Msichukue mchanga wote wa mto kwa ajili ya kujengea. Mchanga ukiondoka, ghala la maji limeondoka.

5. Katika sehemu za Bonde la Ufa, maji yaliyokaa sana ndani ya miamba huweza kuwa na madini mengi ya floridi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia na hata kudhoofisha mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Ombeni kisima kipimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mtoto akianza kuhara, mpeni maji ya ORS mara kwa mara, kidogo kidogo, mkitengeneza kwa maji safi. Mama aendelee kumnyonyesha. Mpelekeni zahanati apate pia vidonge vya zinki. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, akilegea, akishindwa kunywa, akitoa damu au akiharisha maji mengi kama ya mchele, msingoje asubuhi.

Kabla ya mvua zijazo, familia zinazochota mahali pamoja zikae na kukagua korongo lao: vyoo viko wapi, mifugo inapita wapi, taka zinatupwa wapi. Kinachoachwa huko leo, mvua itakirudisha katika ndoo zetu.