Picha mbili kwenye kadi moja, na mitaa yetu ya zamani

Rafiki zangu wa Mombasa hunicheka. Wasema mtu wa Kibokoni amekwenda kufundisha Masimba, huko Kisii kwenye baridi na migomba, na badala ya kununua shamba ananunua picha kuukuu. Leo nawaeleza ninachokusanya.

Ni kadi ngumu yenye urefu wa karibu sentimita 18. Imebandikwa picha mbili za mahali pamoja, moja kulia na moja kushoto. Utadhani ni sawa, lakini zimepigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kidogo, kama macho ya binadamu. Ukizitazama kwa kifaa chake, kila jicho huona picha yake, na ubongo huziunganisha: ukuta wasogea mbele, barabara yaingia ndani. Mzee jirani yangu hapa Masimba alipochungulia mara ya kwanza, alinyoosha mkono akitaka kushika. "Mwalimu, kumbe huyu mtu yuko ndani!"

Biashara hii ilikuwa kubwa Marekani. Kampuni ya Underwood & Underwood ilianza mwaka 1881 katika mji wa Ottawa, Kansas, ikaja kuuza picha za dunia nzima. Huko kwao wakusanyaji hutafuta mitaa ya miji yao michanga ya magharibi: maduka ya mbao, farasi, vumbi. Mimi natafuta ya kwetu: Unguja, na Mombasa ya enzi ambapo wakubwa walikaa kwenye troli wakisukumwa na watu juu ya reli.

Somo la kwanza nililipata kwa hasara. Muuzaji mmoja aliniuzia kadi ya Forodhani, Unguja, akiapa ni ya miaka ya 1880. Nilipotulia nikalitazama jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883. Kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Baadaye ukajengwa mnara mpya ulioshikana nalo. Kwenye kadi yangu mnara umeshikana! Basi kabla hujatoa pesa, soma majengo kwanza, maandishi baadaye.

Hasara ya pili hailipiki. Nilikuwa na picha ya kichochoro cha Mji wa Kale, nikaiweka nimwoneshe bibi likizo ya Desemba, aniambie mlango ule ni wa nani. Bibi hakuifikia Desemba.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kama sandukuni mna picha za wazee, msizitupe wala msiziuze kwa haraka. Waulizeni walio hai, kisha andikeni majina nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Asiye na pesa ya kununua aangalie bure kwenye intaneti mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani: maelfu ya picha za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960.

Kadi naweza kupata nyingine. Wa kunitajia mwenye mlango ule, simpati tena.