Usafi wa Tanuri la Oili Chafu

Oili iliyomwagwa kutoka katika injini haijapoteza uwezo wake wa kuwaka. Kilo moja hutoa joto la megajuli 40 hivi, na ndiyo sababu baadhi ya karakana za kusubu sufuria huitumia kuyeyushia alumini, ambayo huhitaji nyuzi 660 za Sentigredi. Lakini oili hiyo imebeba chembe za chuma, pamoja na kalisi, zinki na fosfori zilizotiwa kiwandani ili kuihifadhi injini. Vitu hivyo haviteketei. Hubaki kuwa majivu yanayogandamana ndani ya tanuri na katika bomba la moshi. Masizi meusi ni jambo jingine: huonyesha kwamba hewa haitoshi, na kuyakwangua bila kurekebisha feni ni kazi bure.

Adui mkubwa ni maji. Kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutuama chini ya pipa. Hivyo hayana budi kutolewa kwa koki ya kitakoni kabla ya kuwasha. Yakipenya hadi kwenye moto huweza kuuzima, na oili iendeleayo kudondoka juu ya matofali ya moto hugeuka mvuke ambao, ukipata cheche, hulipuka. Hapo fundi hufunga oili kwanza, akaiacha feni ipulize mpaka tanuri lipoe. Majivu hukwanguliwa baadaye, polepole, pua zikiwa zimefunikwa, yakatiwa katika kopo lenye kifuniko. Kamwe hayapulizwi, maana huweza kuwa na risasi.