Damu ya Kiinimacho: Athari ya Tamthilia ya Kitisho katika Maonyesho ya Roki na Metali

Utangulizi

Mwanafunzi wa tamthilia anapomwona mwimbaji wa roki akikatwa kichwa jukwaani, aghalabu hutoa mojawapo ya hukumu mbili: ama hizo ni kelele zisizostahili kuhakikiwa, ama huo ni ushetani mtupu. Makala haya yanashikilia kuwa hukumu zote mbili zinapotoka. Ya kwanza inasahau kuwa penye mhusika, maleba, tendo na hadhira pana drama. Ya pili inamchanganya mhusika na mwigizaji. Isitoshe, maonyesho haya yana nasaba katika historia ya tamthilia.

Chimbuko la kitisho jukwaani

Nasaba hiyo inatupeleka Paris. Mwaka wa 1897, Oscar Méténier alifungua ukumbi wa Grand-Guignol katika jengo lililokuwa kanisa dogo. Ulikuwa na viti 293 tu. Hivyo basi, kila jeraha la kuigizwa lilipaswa kumshawishi mtazamaji aliyeketi hatua chache kutoka jukwaani. Damu bandia, visu vya hila na ustadi wa mazingaombwe vilitumika kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, nguvu ya michezo ile haikuwa katika damu pekee. Ilikuwa katika taharuki: hadhira ilijua kuwa balaa linakuja, ikasubirishwa. Fauka ya hayo, michezo ya kutisha ilipishanishwa na vichekesho, mtazamaji akawa kama mtu anayemwagiwa maji ya moto kisha ya baridi.

Mtunzi mashuhuri wa ukumbi huo, André de Lorde, alishirikiana na mwanasaikolojia Alfred Binet katika baadhi ya michezo, na wazimu ukawa mojawapo ya maudhui yake makuu. Mchezo wake wa mwaka wa 1903, uliotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, unasawiri wendawazimu walioiteka hospitali yao.

Daraja la kufikia roki

Itakuwa kosa kudai kwamba waimbaji wa roki waliyapokea haya moja kwa moja kutoka Paris. Daraja kuu lilikuwa filamu, nayo filamu ilikopa kutoka jukwaani. Ukumbi wa Little Theatre jijini London ulionyesha michezo ya Grand-Guignol kati ya 1920 na 1922. Mwaka wa 1927, ukumbi uo huo ulionyesha tamthilia ya Dracula. Mwaka huo huo Bela Lugosi aliigiza Dracula jukwaani jijini New York, na mwaka wa 1931 akaigiza katika filamu. Humo, Dwight Frye aliigiza Renfield, mwendawazimu anayemtumikia Dracula.

Miaka 40 baada ya filamu hiyo, mwaka wa 1971, kundi la Alice Cooper la Marekani lilitoa wimbo uliopewa jina la Frye. Mwimbaji wake, Vincent Furnier, aliuigiza akiwa amevishwa vazi la kuwafunga mikono wagonjwa wa akili. Mwendawazimu wa jukwaani alikuwa amerudi jukwaani, safari hii akiwa na gitaa nyuma yake.

Katika ziara ya mwaka wa 1973, kundi hilo lilitumia gilotini, mashine ya kukatia vichwa. Mwanamazingaombwe James Randi alisaidia kubuni hila hiyo na kuigiza mnyongaji. Tuzingatie ploti: mhusika Alice anatenda uovu, anaadhibiwa, kisha mwimbaji anarejea akiwa hai. Uovu haukuachwa bila malipo.

Athari hiyo iliendelea kuenea. Mwimbaji wa Denmark, King Diamond, alitazama onyesho la Cooper mjini Copenhagen mwaka wa 1975. Mwaka wa 1987 alitoa albamu ya Abigail, inayosimulia kisa kimoja cha kutisha mwanzo hadi mwisho, mithili ya tamthilia. Nalo kundi la GWAR, lililoanzishwa mjini Richmond, Virginia, mwaka wa 1984, huirushia hadhira damu bandia. Ukaribu uliotafutwa na Grand-Guignol kwa udogo wa ukumbi, GWAR huupata kwa kumlowesha mtazamaji. Ucheshi nao hukaa bega kwa bega na kitisho.

Mpaka wa kiinimacho

Je, kitisho cha jukwaani hakina hatari? Nchini Norway, mapema katika miaka ya 1990, baadhi ya wanamuziki wa metali walishiriki kuchoma makanisa, na mwaka wa 1993 mmoja alimuua mwenzake. Hayo hayakuwa maonyesho, yalikuwa jinai. Kiinimacho kina mkataba: mwigizaji na hadhira wote wanajua kuwa aliyekufa atasimama apigiwe makofi. Mkataba huo ukivunjwa, sanaa imekoma.

Hitimisho

Ukumbi wa Grand-Guignol ulifungwa mwaka wa 1962, lakini mbinu zake zingali hai. Sisi tuliolelewa kwa ngano za mazimwi tuna kila sababu ya kuzielewa. Mtoto hutetemeka zimwi linapowameza watu, naye hupumua linapopasuliwa wakatoka wazima. Hakuna anayemshtaki bibi msimulizi kwa kula watu. Mhakiki na ampe mwimbaji haki iyo hiyo: amhukumu kwa ufundi wake, asimhukumu kwa damu ambayo haikumwagika.