Mnakili Asiyejua Kiayalandi

Njooni mkae karibu, wanangu. Leo nawapa hadithi ya kitabu, na ni hadithi ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Kitabu chenyewe kiko Ufaransa, katika mji wa Cambrai, na maktaba ya huko imekipa namba 679. Kiliandikwa kati ya mwaka 763 na 790 kwa agizo la Alberic, askofu wa Cambrai na Arras. Zama hizo Ulaya haikuwa na mashine ya kuchapa vitabu, na kurasa zilikuwa ngozi za wanyama. Hapa kwetu Longech, Turkana, mmeona ngozi ya mbuzi ikiwambwa juani. Wale waliiloweka kwanza katika maji ya chokaa, wakaiwamba kwenye fremu ya mbao, wakaikwangua kwa kisu mpaka ikawa nyembamba na laini. Ndipo mnakili akaketi na kalamu ya unyoya wa ndege, akaandika herufi moja moja, ukurasa baada ya ukurasa.

Aliandika nini? Sheria za Kanisa, kwa Kilatini. Zilikuwa zimekusanywa na Waayalandi mwanzoni mwa karne ya 8. Wanaotajwa kuwa wakusanyaji ni wawili: Ruben wa Dairinis, aliyefariki mwaka 725, na Cú Chuimne wa kisiwa cha Iona, aliyefariki mwaka 747. Walipekua Biblia, wakapekua maandiko ya walimu wa kale na maamuzi ya mikutano ya maaskofu, wakapanga kila jambo mahali pake. Askofu awe mtu wa namna gani? Mwizi afanywe nini? Ukimwekea jirani mali yako ikapotea, nani alipe? Nani arithi, na kiapo cha nani kiaminiwe? Iko hata sehemu ya wanyama wa nyumbani na hasara wanayoleta. Na pale walimu wa kale walipopingana, wakusanyaji hawakumnyamazisha yeyote. Waliandika kauli za pande zote, msomaji apime mwenyewe.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mnakili wa Alberic alikuwa akiendelea na sheria zake, mara akafika mahali ambapo Kilatini kilichanganyika na maneno mageni. Yalikuwa ya Kiayalandi, lugha asiyoijua hata kidogo. Wataalamu wanaona kwamba ukurasa wa mahubiri ulikuwa umechomekwa ndani ya kitabu alichokuwa akikinakili, naye akadhani ni sehemu ya sheria. Angeweza kuruka. Askofu asingegundua, wala wasomaji wa Cambrai wasingelalamika. Lakini hakuruka. Alinakili herufi alizoziona, moja baada ya nyingine. Makosa yamo: pengine alikata neno katikati, pengine aliyaunganisha mawili. Hata hivyo aliyaandika.

Miaka elfu na zaidi ikapita. Kule Ujerumani akatokea msomi aitwaye Johann Kaspar Zeuss, mpenzi wa lugha za kale. Mwaka 1853 alitoa kitabu kikubwa cha sarufi ya lugha za Kikelti, na ndani yake akayachapisha maneno yale ya Cambrai. Leo mahubiri hayo yanahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya nathari katika Kiayalandi. Yalitungwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8, na tunayasoma kwa sababu mtu asiyeyaelewa aliyaheshimu.

Yanafundisha nini? Yanasema mtu anaweza kumshuhudia Kristo kwa njia tatu, na kila njia ina rangi yake. Ushahidi mweupe ni kuachana na vyote unavyovipenda kwa ajili ya Mungu. Wa kijani ni kuzishinda tamaa zako kwa kufunga na kwa kazi ngumu. Mwekundu ni kuteswa na kumwaga damu.

Watu wa Ayalandi waliuishi sana ule ushahidi mweupe, na nyayo zake zimefika hata kwetu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia wamisionari kuingia Turkana. Mwaka 1961, ukame na njaa vilipotubana, mlango ulifunguliwa, wakaja mapadre wa shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Kiltegan, Ayalandi, mwaka 1932. Waliacha nchi ya mvua na majani mabichi wakaja kwenye mchanga na jua hili. Mmoja wao, John Mahon, akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Lodwar. Na katika jimbo hilo, ubatizo na ndoa za Wakatoliki leo zinafuata sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983, ambazo ni kizazi cha makusanyo ya kale ya namna hiyo.

Nimewasimulia haya kwa sababu sisi nasi tuna sheria, nyingi ziko vichwani mwa wazee tu. Muulizeni babu habari za ekwar, ile haki ya familia juu ya miti ya kando ya mto kama Turkwel: ni nani mwenye miti hii, mbuzi wa nani wale matunda yake wakati wa kiangazi, na mgeni aombe ruhusa kwa nani. Muulizeni bibi kisima kilichochimbwa katika mto mkavu ni cha nani, na nani anywe kwanza. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, sheria hizo anaondoka nazo.

Kwa hiyo chukueni daftari na kalamu. Andikeni kwa Kiturkana kama mzee anavyosema, na msiyaruke maneno magumu. Ukikutana na neno la zamani usilolijua, liandike kama ulivyolisikia, halafu uulize maana yake. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli ya huyu na kauli ya yule, uweke na jina la kila mmoja na mahali anapotoka. Maana ikikupita leo, atakuja mwingine wa kuielewa, mradi akute umeandika. Anzeni jioni hii, na babu aliye karibu.