'Zito' si 'mnato': neno moja laweza kulipua tanuri

MTU akiagiza uji mzito hapa Otonglo, Kisumu, anaeleweka papo hapo. Hakuna anayedhani ati anataka uji wa kilo nyingi. Hata hivyo, neno hili 'zito' tumelitwika kazi nyingi mno, na zipo mahali ambapo mazoea hayo ni hatari. Kiwanda cha karatasi ni mojawapo.

Tuchukue Webuye, kando ya Mto Nzoia ambao maji yake huishia katika ziwa letu hili, Victoria. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji huko 1974, kikafungwa 2009. Wakazi wa enzi hizo hawajasahau ile harufu ya mayai viza. Ni ya salfa: vipande vya mbao hupikwa kwa sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi, kwenye nyuzijoto 170 hivi. Nyuzinyuzi hubaki, ndizo zifanyazo karatasi. Karibu nusu ya mbao, hasa lignini iliyokuwa imezigandisha nyuzinyuzi hizo, huyeyuka na kutoka pamoja na kemikali, nyeusi tititi.

Tuuiteje umajimaji huo? Waingereza huuita kwa neno lilelile la vileo, kwa hivyo mfasiri wa pupa angetuletea 'pombe nyeusi'! Mimi nasema 'mchuzi mweusi', maana umebeba kilichopikwa chunguni.

Mchuzi huo ni mali. Hupunguzwa maji hadi yabisi, yaani vile visivyo maji, itoke asilimia 15 na kufika 65 au zaidi. Kisha hunyunyizwa katika tanuri: lignini inaungua na kutoa mvuke wa kuendesha kiwanda, nazo kemikali zinadondoka chini zikiwa chumvi iliyoyeyuka, ili zitengenezwe upya.

Sasa basi, yabisi ikipita asilimia 50, mchuzi huanza kugoma. Pampu zinalemewa, mabomba yanaziba. Ugumu huo wa kutiririka ndio mnato. Fundi akipiga kelele, "Mchuzi ni mzito!" mwenzake aelewe nini? Kwamba una yabisi nyingi? Si ndiyo tuliyoitafuta! Au kwamba una mnato mkubwa? Akidhani dawa ni maji, ole wao. Mchuzi wenye yabisi chini ya asilimia 58 hivi haufai kuingia tanurini. Maji yake yakigusa ile chumvi hugeuka mvuke ghafla, na tanuri laweza kulipuka.

Dawa ni joto. Ukipashwa, mnato unashuka, yabisi inabaki vilevile. Muuza uji analijua hili: uji ukipoa hukaza, ingawa hajaongeza unga hata chembe. Vipo viwanda vinavyouweka mchuzi katika joto kali zaidi kwa muda, molekuli ndefu zikatike. Huo hata ukipoa hauurudii mnato wake wa awali. Alkali nayo isiishe, la sivyo lignini hujitenga na balaa linaanza upya.

Wapo wanaonipinga kwamba 'mnato' ni kunata, kama ulimbo. Asili ni hiyo, sikatai. Lakini mafuta ya injini yana mnato, na kazi yake ni kutelezesha vyuma. Neno likishaingia katika fizikia hupewa mipaka mipya. Kiwandani, basi, fundi aseme 'yabisi imepanda' au 'mnato umepanda'. 'Uzito' auachie mizani.