Miaka yenye foto na miaka isiyo na foto

Nyumbani kwetu Bukavu, mtu akitaka kujua mwaka gani mfuko wa baba ulikuwa na kitu na mwaka gani ulikuwa mtupu, hahitaji kuuliza. Anafungua kopo la Nido lenye filme. Ndani yake kuna vipande vya filme, foto sita kila kipande, vimefungwa katika karatasi za daftari, na juu ya kila karatasi baba ameandika mwaka kwa biki. 1984 kuna karatasi tatu. 1987 kuna tano. 1992 hakuna kitu. 1993 hakuna kitu.

Baba yetu hakuwa fotografu wa kazi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Foto ilikuwa mapenzi yake tu, kama wengine wanavyopenda mpira ao mchezo wa dame. Na wako wengi walioanza hivyo: hata Jean Depara, yule fotografu wa Kinshasa aliyepiga foto za Franco na za watu wa baa za usiku, alinunua aparei yake ndogo ya kwanza mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Baba alinunua yake, Yashica ya mtumba, kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mapenzi hayo yalishika, yakaachia, yakashika tena, na sasa ni zaidi ya miaka arobaini.

Katika likizo iliyopita sisi watoto wake watatu tulikaa na wazazi, tukatoa vipande vyote vya kopo na kuvipanga mezani kwa miaka. Tunaandika haya kwa sababu mambo tuliyoyaona pale mezani yanagusa nyumba nyingi za wamama wa chama chetu, hata zile ambazo hazijawahi kuwa na aparei ya foto.

Kwanza tuwaeleze wamama vijana ambao wanajua simu tu. Filme ni utepe wa plastiki uliopakwa gelatini, ile inayotengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya gelatini kuna chumvi za fedha. Tunasema fedha ile ya madini, si pesa. Mwanga ukiigusa, inabadilika, lakini jicho halioni kitu mpaka filme ioshwe katika dawa. Filme moja ilitoa foto 24 ao 36, basi. Baba alikuwa anafunga mlango na kushusha pazia, anaingiza filme gizani asipoteze hata kipande cha mwanzo, na hivyo katika filme ya 36 alipata 38. Zile mbili mama aliziita matabishi.

Filme moja ilikaa ndani ya aparei miezi mitatu ao minne. Kwa hiyo baba hakupiga ovyo. Alikuwa anatusimamisha juani, anaangalia, anasogea, anaangalia tena, halafu anashusha aparei na kusema, «Hapana, si leo.» Anaenda zake. Sisi tulichukia mambo hayo kabisa.

Foto za rangi nyeusi na nyeupe aliziosha mwenyewe, usiku, katika jikoni la mama, baada ya vyombo kuoshwa. Filme yenyewe ilitaka giza la kweli, hata taa nyekundu haikuruhusiwa. Taa nyekundu ilikuja baadaye, kwa karatasi za foto. Beseni tatu zilipangwa: ya kwanza dawa ya kutokeza sura, ya pili maji yenye siki kidogo ya kusimamisha ile dawa ya kwanza, ya tatu dawa ya kukaza ili foto isiharibiwe na mwanga. Halafu kuosha kwa maji mengi. Aparei ya kukuza foto hakuwa nayo. Alilaza kipande cha filme moja kwa moja juu ya karatasi ya foto, akaweka kioo juu yake, akawasha taa nyeupe sekunde chache. Foto zilizotoka zilikuwa ndogo kama tembri ya posta. Katika zile foto ndogo nyanya yetu, aliyekufa mwaka 1990, anaonekana mpaka mishipa ya mikono yake.

Mama alikuwa na sheria moja tu: beseni iliyoingia dawa haitarudi kwenye sombe hata ikisuguliwa kwa majivu siku nzima. Alikuwa na haki. Dawa zile si za kuchezewa karibu na chakula.

Kisha ikaja ile miaka mitupu. Wenye umri wa mama wanakumbuka pesa za Zaïre zilivyokuwa: asubuhi bei moja, jioni bei nyingine. Mwaka 1993 serikali ilibadilisha noti, na zaïre 3,000,000 za zamani zikawa zaïre mpya moja. Mshahara wa mwalimu haukununua kitu tena, wazazi wa wanafunzi wakaanza kubeba walimu. Filme na dawa zilikuwa na bei ya sukari ya mwezi mzima. Mama anakumbuka alivyomwambia: «Baba ya watoto, foto haipikwi.» Baba hakubisha. Alifunga Yashica katika kipande cha kikwembe na kuiweka juu ya kabati.

Lakini mtu mmoja alipokuja na pesa mkononi kutaka kununua ile aparei, ni mama aliyemrudisha mlangoni. Tulimuuliza sababu. Alisema tu kwamba kitu kikishatoka nyumbani hakirudi, na njaa ile itaisha siku moja.

Mdogo wetu wa tatu alizaliwa 1993. Mkubwa ana foto kumi na tisa za utoto wake, kabla ya kufikisha miaka mitano. Wa pili, anayeandika haya, ana kumi na moja. Huyu wa tatu hana hata moja. Siku ile ya kupanga filme mezani ndiye aliyetafuta kuliko wote, akiinua kila kipande kwenye dirisha, akijua vizuri kwamba hakuna. Utotoni tulikuwa tunamtania kwamba aliokotwa sokoni Kadutu. Ni utani ambao umetoka midomoni mwetu tangu siku ile. Mama alimweleza tena alivyokuwa: nywele nyingi, sikio moja limekunjika, analia usiku na kulala mchana. Anaeleza vizuri. Lakini mama ana miaka 65, na maelezo hayo yako kichwani mwake peke yake.

Vita vya 1996 vilipofika, baba alizika aparei uani, ndani ya plastiki, chini ya mgomba. Mama alibeba mtoto mgongoni, sufuria, na lile kopo la Nido. Hakulibeba kwa ajili ya foto peke yake: humo ndimo alikuwa ameweka pia karata za ubatizo na za kuzaliwa za watoto wote. Tunaona hiyo ni akili ya kuigwa. Huko Goma, tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka mpaka katikati ya mji, mtu alitoka na alichoweza kushika kwa mkono mmoja. Vitu vilivyotawanyika katika saraka tano havitoki.

Aparei ilipofukuliwa ilikuwa nzima, ila unyevu ulikuwa umeingia. Ndani ya kioo chake kuliota ukungu, na ndiyo sababu foto zote za 1998 zinaonekana kama zilipigwa nyuma ya pazia. Baba alipata fundi wa saa akamsafishia. Hapo mapenzi yakarudi kwa nguvu, na sasa kwa filme za rangi, zilizooshwa na mashine mjini. Kuna komunyo za kwanza, kuna diplome, kuna mbuzi aliyezaa watatu. Kuna pia ndoa ya mama mdogo, 2003, ambayo haipo: filme haikushika meno ya aparei, baba akabonyeza mara 36 bila filme kusogea. Mama mdogo hajasahau mpaka leo, na kila sikukuu anaikumbusha.

Na hizo foto za rangi zimetuhuzunisha kidogo. Nyingine zimegeuka nyekundu, nyingine zimefifia, wakati zile za 1984 zilizooshwa jikoni ziko wazi kama jana. Ni kawaida. Rangi za foto hufa polepole hata zikiwa sandukuni. Fedha inadumu zaidi.

Kuachana kwa mara ya tatu hakukuwa kwa sababu ya umaskini. Simu zilikuja, filme zikapotea madukani, nyumba za kuosha foto zikageuza kazi. Haikuwa Bukavu tu. Kampuni ya Kodak, ambamo injinia Steve Sasson alitengeneza aparei ya kwanza isiyotumia filme mwaka 1975, yenyewe ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika, Januari 2012. Baba akarudisha Yashica juu ya kabati, na mama hakusema kitu.

Basi wajukuu wakazaliwa, 2013 na 2016, na foto zao zilikuwa mamia kwa mamia katika simu ya dada yetu mkubwa. Mwaka 2019 simu hiyo ilinyakuliwa sokoni. Kilichobaki ni foto saba, zilizopatikana kwa ndugu waliotumiwa kwa WhatsApp, ndogo, zenye kuvia ukizikuza. Kwa hiyo pale mezani palikuwa na nafasi mbili tupu: moja ya mtoto aliyezaliwa wakati hatukuwa na filme, nyingine ya watoto waliopigwa foto kila siku. Dada yetu aliziangalia zote mbili akanyamaza.

Hatusemi filme ni bora kuliko simu. Simu imewapa wamama kitu ambacho kopo la baba halikuwapa. Katika lile kopo mama anaonekana karibu kila karatasi, lakini foto aliyopiga yeye ni moja tu. Imeinama, miguu imekatwa, na ndani yake baba amebeba mtoto na kucheka. Ni foto pekee ya nyumbani ambamo baba yumo. «Ile ni mimi nilipiga,» anasema mama kila ikipita. Baba hakumpa tena aparei, eti filme ni ghali. Tunamheshimu baba, lakini hapo tunaona nyumba ilipata hasara.

Kwa wamama wenye filme za zamani nyumbani, kuna mambo tuliyojifunza kwa mikono. Shikeni kipande kwa kando, si katikati, maana jasho la kidole linabaki pale milele. Kando ya filme kuna namba ndogo zilizochapwa tangu kiwandani. Zinasaidia kujua foto gani ilitangulia. Msifute kwa kitambaa chenye maji, na msibandue kwa nguvu foto iliyoshikamana na kioo cha fremu. Ipigeni foto ikiwa humo humo. Filme inayonuka siki imeanza kuoza, itengeni na nyingine. Karatasi kavu ni nzuri kuliko plastiki inayonata, na juu ya kabati ni bora kuliko chini ya kitanda, hasa miezi ya mvua, kwa sababu ukungu unapenda gelatini kama sisi tunavyopenda mchuzi wa mifupa.

Na msingojee maboratwari. Washeni simu moja ionyeshe ukurasa mweupe wenye mwanga mkali, wekeni juu yake plastiki nyeupe nyembamba iliyoinuliwa kama upana wa kidole, lazeni kipande cha filme, kisha mpige foto kwa simu ya pili. Katika simu hiyo kuna mahali pa kugeuza rangi: nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa nyeupe, na ghafla shangazi aliyekufa anawaangalia. Filme za rangi zitatoka na ubluu, lakini uso unatambulika. Andikeni majina siku hiyo hiyo, mbele ya nyanya, kabla nyanya hajachoka.

Kuhusu foto za simu, dada yetu ameanza desturi yake. Kila mwisho wa muhula anachagua foto 36 na kuzipeleka kuchapwa, na wanawe wanagombana kuhusu zipi ziingie. Nguvu yote iko katika kugombana huko.

Filme nazo zimeanza kurudi duniani. Kodak ile ile ilirudisha mwaka 2018 filme yake ya Ektachrome, iliyokuwa imeiacha 2012, na vijana wa Ulaya wanazinunua kwa bei ambayo ingemtia mama homa. Mwaka huu binamu yetu aliyetoka Ubelgiji alimletea baba filme mbili za rangi nyeusi na nyeupe. Yashica imeshuka kutoka kabatini. Dawa za kuoshea hatujazipata hapa mjini, kwa hiyo filme ikiisha itarudi Ubelgiji na msafiri, nayo inaweza kungoja miezi ikiwekwa pakavu penye baridi. Baba ana miaka 71 na jicho moja lina mtoto wa jicho, anaangalia kwa lile lingine. Mpaka leo amepiga 22. Zimebaki 14, pamoja na matabishi, na mama ameshasema moja ni ya kupiga yeye.